Somo la 6: Nyota Zisizohesabika na Kondoo Mmoja

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 8, Isa. 40:26, 45:18, Ayu. 1:6, 7, 38:4–7, 31, Yn. 3:11–13, Mt. 24:22, Lk. 15:3–7, 1 Kor. 4:9, Efe. 3:10, Kol. 1:16–20, Ufu. 12:7–12.

Fungu la Kukariri: Zaburi 8:3, 4. Lisomeni kwa sauti darasani, kisha kila mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi wa dagaa huingia Ziwa Tanganyika na taa zao. Mtu aliyesimama pwani ya Ujiji au juu ya vilima vya Kigoma huona ziwa limejaa nukta za mwanga, na juu yake mbingu imejaa nukta nyingine. Akitazama mbali kuelekea Kongo, ni vigumu kujua taa zinaishia wapi na nyota zinaanzia wapi.

Kuhusu taa za ziwani tuna hakika ya jambo moja: penye taa pana watu. Je, na huko juu? Katika miaka ya karibuni wataalamu wa nyota wamejaribu kukadiria ni sayari ngapi zinazoweza kubeba uhai, na ni ngapi kati ya hizo zinaweza kuwa na viumbe wenye akili. Habari hizi zinawafikia vijana wetu wa sekondari kwa simu na kwa vitabu. Kijana akimuuliza mzee wa kanisa, akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kidunia asiyaulize, hataacha kuuliza. Ataacha kuuliza kanisani tu.

Waadventista wa Sabato hatuna sababu ya kuliogopa swali hili. Tangu mwanzo kanisa letu limefundisha kwamba Mungu ana viumbe wengine wenye akili ambao hawakuanguka dhambini. Juma hili tutaona hesabu za wanadamu zinafika wapi na zinakwama wapi. Kisha tutaona kwamba Biblia haitupi idadi ya dunia hizo, ila inatuambia sisi ni nani miongoni mwake.

Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa Sabato.

JUMAPILI
Kazi ya Vidole Vyake

Soma Zaburi 8 yote. Daudi alitazama nini, na kutazama huko kulimfanya aulize swali gani?

Daudi hakuwa na darubini. Jicho la mwanadamu peke yake, mahali pasipo na taa za umeme, huona nyota elfu chache tu kwa wakati mmoja. Hizo elfu chache zilitosha kumfanya ashangae kwamba Mungu aliyeziumba anamkumbuka mwanadamu.

Leo tunajua zaidi. Ule ukanda mweupe unaokatiza mbingu usiku ni kundi la nyota ambalo jua letu ni mojawapo. Wataalamu hukadiria kwamba kundi hilo pekee lina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na makundi ya namna hiyo ni mengi mno. Nyota iliyo jirani zaidi na jua letu inaitwa Proxima Centauri. Nuru husafiri karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja, lakini nuru itokayo katika nyota hiyo huchukua miaka 4 na zaidi kidogo kutufikia. Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali kama huo.

Kwa muda mrefu watu walidhani tu kwamba nyota nyingine nazo zina sayari. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walitangaza sayari inayozunguka nyota inayofanana na jua letu, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 Marekani ilirusha darubini ya angani iitwayo Kepler, iliyofanya kazi hadi 2018. Kepler ilitazama nyota nyingi kwa pamoja, ikisubiri mwanga wa nyota upungue kidogo sana kila sayari inapopita mbele yake. Kufikia mwaka 2022, idadi ya sayari zilizothibitishwa nje ya familia ya jua letu ilikuwa imevuka 5,000.

Soma Isaya 40:26. Nabii anasema Mungu anafanya nini kwa nyota?

Zingatia kwamba Isaya hasemi tu kwamba Mungu ameziumba. Anasema Mungu anazitoa kama jeshi lenye hesabu kamili, na kila moja anaiita kwa jina. Sisi tumezipa nyingi namba kwa sababu majina yametuishia.

Soma Ayubu 38:31. Wakulima wetu walilijua kundi la Kilimia tangu zamani, na jina lenyewe linatoka katika kulima, kwa kuwa kuonekana kwake kuliashiria majira ya shamba. Biblia yetu ya Kiswahili ikalitumia jina hilo hilo. Mungu alipotaka kumwonyesha Ayubu mpaka wa uwezo wa mwanadamu, alimwelekeza kwenye nyota ambazo hata mkulima asiyejua kusoma huzifahamu.

Tafakari: Kuijua idadi kubwa ya nyota kunakufanya ujisikie uko karibu zaidi na Mungu, au mbali zaidi naye? Kwa nini?

JUMATATU
Hesabu ya Mambo Saba

Mwezi Novemba 1961, katika kituo cha Green Bank, Marekani, mtaalamu wa nyota Frank Drake aliwawekea wenzake wachache ajenda ya mkutano. Alitaka wajiulize: katika kundi letu la nyota, ni jamii ngapi za viumbe wenye akili ambazo tungeweza kuwasiliana nazo? Badala ya kubahatisha jibu moja, aliligawa swali katika mambo saba ya kuzidishwa pamoja: nyota ngapi huzaliwa kwa mwaka, sehemu gani ya nyota ina sayari, kila nyota yenye sayari ina sayari ngapi zinazofaa kwa uhai, katika hizo, ni sehemu gani uhai hutokea, katika zenye uhai, ni sehemu gani hutokea akili, katika zenye akili, ni sehemu gani hujifunza kutuma mawasiliano, na mwisho, jamii kama hiyo hudumu miaka mingapi.

Ili kuelewa namna hii ya kukadiria, fikiri mtu anayetaka kujua ni debe ngapi za dagaa zitashushwa Kibirizi asubuhi. Anahitaji kujua mitumbwi iliyoingia ziwani, sehemu iliyobahatika kupata samaki, na kiasi ambacho kila mmoja ulipata. Akijua hayo yote, anazidisha na kupata jibu la karibu. Lakini kama katika maisha yake amewahi kuona mtumbwi mmoja tu, tena siku moja tu, atajuaje wastani wa mitumbwi yote?

Hapo ndipo hesabu ya Drake inapokwama. Mambo matatu ya kwanza yameanza kujulikana. Mwaka 2020 watafiti waliotumia kumbukumbu za Kepler walikadiria kwamba sayari za mawe zilizo katika umbali unaofaa kutoka kwenye nyota zinazofanana na jua letu, zisizo na joto kali wala baridi kali, huenda zikafika milioni 300 katika kundi letu la nyota. Lakini kwa mambo manne yaliyobaki tuna mfano mmoja tu, nao ni dunia yetu.

Tujaribu wenyewe. Chukua sayari milioni 300. Tuseme uhai, akili, na uwezo wa mawasiliano kila kimoja hutokea mara 1 katika 10. Tutabaki na sayari 300,000. Sasa tuseme kila kimoja hutokea mara 1 katika 1,000. Tutabaki na chini ya sayari moja. Hakuna mtu leo mwenye kipimo cha kuonyesha ni lipi kati ya haya mawili lililo sahihi. Wenye mkutano wa Green Bank walipata jibu lililotanda kati ya jamii 1,000 na jamii milioni 100.

Tusiwacheke. Kuligawa swali gumu katika maswali madogo ni kazi nzuri, na inamwonyesha mtu mahali hasa anapokosa maarifa. Lakini tuone jambo moja. Jambo la nne katika orodha hiyo linachukulia kwamba uhai hujitokeza wenyewe, kama mvua inyeshavyo wingu likijaa, na kwa hiyo unaweza kupimwa kwa uwiano. Sisi tunaamini kwamba uhai ni zawadi. Zawadi haikadiriwi kwa uwiano. Huwezi kwenda sokoni, ukahesabu nguo zote zilizomo, ukajua baba fulani amewanunulia watoto wake nguo ngapi. Itabidi umuulize baba mwenyewe.

Soma Kumbukumbu la Torati 29:29. Fungu hili linatofautisha mambo gani mawili? Tofauti hiyo inatusaidiaje katika swali hili?

JUMANNE
Shahidi kutoka Ng'ambo

Karne ya kumi na tisa, wataalamu wa ramani huko London walibishana kuhusu Ziwa Tanganyika. Upande wa kaskazini kulikuwa na mto Rusizi. Je, mto huo ulikuwa unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha mto Nile. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Baadaye mwaka huo walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira, na wana wa mtawala wa pale wakawaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani. Hata hivyo mabishano yaliendelea Ulaya kwa miaka mingine. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley waliondoka Ujiji wakaenda wenyewe hadi mdomo wa Rusizi, wakakuta maji yanaingia ziwani, kama wenyeji walivyosema.

Wakaao karibu na mto walikuwa na habari ambayo ramani za mbali hazikuwa nayo. Mahali ambapo mtu hawezi kufika, makadirio yake hayamfikishi mbali. Anahitaji shahidi anayetoka huko.

Soma Yohana 3:11–13. Kwa nini Yesu anasema yeye anaweza kushuhudia mambo ya mbinguni?

Yesu anamwambia Nikodemo kwamba hakuna mwingine aliyepanda mbinguni na kurudi na habari. Yeye ndiye aliyeshuka kutoka huko. Kwa hiyo tunaliuliza Neno lake: linasema nini kuhusu viumbe wengine?

Soma Ayubu 38:4–7, 1:6, 7. Ni akina nani walikuwapo wakati misingi ya dunia ilipowekwa? Shetani alisema ametoka wapi?

Kabla mwanadamu hajaumbwa, walikuwapo wana wa Mungu walioshangilia. Katika Ayubu 1, wana wa Mungu wanakutana mbele za Bwana, na Shetani anakuja miongoni mwao akisema ametoka kuzunguka duniani. Wanafunzi wengi wa Biblia wa Kiadventista wameona hapa mkutano wa wawakilishi wa dunia mbalimbali, ambapo Shetani anadai kuiwakilisha dunia aliyomnyang'anya Adamu, yule ambaye Luka 3:38 inamwita mwana wa Mungu. Wengine huwasoma wana wa Mungu hawa kuwa malaika tu. Vyovyote tutakavyolisoma fungu, hatukuwa wa kwanza kuumbwa, wala hatukuwahi kuwa peke yetu.

Soma Isaya 45:18. Mungu aliiumba dunia kwa kusudi gani?

Fungu hili linaihusu dunia yetu, tusililazimishe kusema zaidi. Lakini linatufundisha tabia ya Muumbaji: anapoandaa makao, anayaandaa yakaliwe.

Ellen G. White aliandika katika miaka ya mwanzo ya huduma yake kwamba alionyeshwa dunia nyingine katika njozi, na wakaaji wake walikuwa wazuri na wenye heshima kuliko watu wa hapa. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba wao wameishi kwa kuzitii amri za Mungu, hawakuanguka kwa kutotii. Aliomba aachwe abaki huko, lakini malaika akamwambia ni lazima arudi. Katika simulizi hilo hakuna hesabu ya dunia zote. Lililosisitizwa ni utii, na kazi iliyokuwa ikimngoja duniani.

Tafakari: Kuna jambo gani unaloliamini kwa sababu tu shahidi mwaminifu amekuambia? Umeujuaje uaminifu wake?

JUMATANO
Jambo la Saba

Turudi kwenye orodha ya Drake. Waliokutana Green Bank waligundua kwamba mambo sita ya kwanza, kwa makadirio yao, yalipozidishwa yalitoa karibu moja. Kwa hiyo jibu lote likategemea jambo la saba: jamii yenye akili hudumu miaka mingapi kabla haijajiangamiza? Mwaka 1961 mataifa makubwa yalikuwa yanaelekezeana mabomu ya nyuklia, na swali hilo halikuwa la mchezo.

Hebu fikiri maana yake. Watu wa sayansi, wakitafuta idadi ya sayari, walifika mahali ambapo darubini haisaidii kitu. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, akili inatosha kumfanya kiumbe aishi?

Kwa swali hili Ujiji ina ushahidi wake. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha ziwani cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Njia hiyo ilipangwa kwa akili nyingi: mahesabu ya nguo, shanga, pembe na chakula cha njiani, mikopo iliyotoka Zanzibar, mitumbwi ya kuvuka ziwa. Na katika njia hiyo hiyo watu walipitishwa wakiwa wamefungwa, wakauzwa. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe ng'ambo ya ziwa, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, na mamia wakafa, wengi wao wanawake. Livingstone aliliona kwa macho yake. Miezi michache baadaye alifika Ujiji akiwa amedhoofika mwili na moyo, na hapo ndipo Stanley alipomkuta.

Tusimnyooshee kidole mtu wa kabila au dini moja. Katika biashara ile wamo watu wa pwani na wa bara, wanunuzi na wauzaji, na wageni wa ng'ambo waliotaka pembe bila kuuliza ni nani aliyezibeba. Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1915 Wajerumani waliizindua Kigoma meli ya kivita Graf von Götzen, iliyosafirishwa kutoka Ujerumani vipande vipande na kuunganishwa hapa. Waingereza nao walivusha boti zao mbili za vita nchi kavu kupitia Kongo, wakazitia katika ziwa hili hili. Ustadi wote huo, ili wanadamu wauane katikati ya wavuvi wa dagaa.

Soma Mwanzo 6:5, 11–13 na Mathayo 24:22. Ni kitu gani kilifupisha maisha ya ulimwengu wa Nuhu? Yesu anasema nini kuhusu siku za mwisho?

Siku za Nuhu watu hawakupungukiwa akili. Dunia ilijaa dhuluma. Na Yesu anasema kwamba siku za mwisho zisipofupishwa, hakuna ambaye angeokoka. Wakristo na wanasayansi hapa wanakutana katika hofu moja, kwamba mwanadamu akiachwa peke yake hadumu. Biblia inaitaja sababu kwa jina lake, nalo ni dhambi. Tena inatoa dawa.

Soma Ufunuo 12:7–12. Ni nani wanaoambiwa wafurahi, na ni nani wanaopewa ole? Kwa nini?

Wakaao mbinguni wanafurahi, na nchi inapewa ole kwa sababu Ibilisi ameshuka kwake. Pambano Kuu lina mahali pake, na mahali penyewe ni hapa petu.

Tafakari: Ni wapi katika kazi yako, biashara yako au ndoa yako umetumia akili nyingi na haki kidogo?

ALHAMISI
Kondoo Mmoja

Mtu anaweza kuyasikia yote haya akavunjika moyo. Mama aliyemzika mtoto, au mvuvi ambaye wavu wake umechukuliwa na dhoruba, anaweza kusema: kama Mungu ana dunia zisizohesabika, zote safi, zote zinamtii, mimi ni nani hata anione? Swali hilo ni zito kuliko lile la idadi. Na Yesu amelijibu.

Soma Luka 15:3–7. Mchungaji ana kondoo wangapi? Anawaacha wangapi, na anamtafuta nani?

Katika mahesabu ya sokoni, kondoo mmoja kati ya mia ni hasara ndogo, na mfanyabiashara angeifuta. Mchungaji wa mfano huu anawaacha tisini na tisa anakwenda kumtafuta mmoja, na akimpata anambeba mabegani. Yesu aliutoa mfano huu kwa sababu ya wenye dhambi waliomkaribia, na hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Lakini waumini wetu wameona ndani yake pia dunia yetu yote: kondoo mmoja aliyepotea katika zizi kubwa la Mungu. Kama ni hivyo, zizi likiwa kubwa zaidi, upendo wa Mchungaji unazidi kushangaza. Kila sayari ambayo darubini inaiona inaongeza uzito wa jambo hili, kwamba Mwana wa Mungu alikuja hapa.

Soma Wakolosai 1:16–20. Damu ya msalaba imeleta amani kwa nani?

Paulo anasema vyote viliumbwa kwa Kristo, vya mbinguni na vya duniani, na kwamba kwa msalaba vyote vinapatanishwa, vya duniani na vya mbinguni. Msalaba mmoja uliosimamishwa nje ya mji mmoja, katika nchi ndogo, una habari kwa viumbe wote. Hauhitaji kurudiwa mahali pengine.

Soma 1 Wakorintho 4:9 na Waefeso 3:10. Ni nani wanaolitazama kanisa, na wanajifunza nini?

Paulo anasema mitume wamekuwa tamasha, wakitazamwa na malaika na wanadamu. Kwa Waefeso anasema kwamba kwa njia ya kanisa hekima ya Mungu inajulishwa kwa wenye mamlaka wa mbinguni. Wanadamu wanaelekeza vyombo vyao juu wakisubiri dalili ya viumbe wenye akili. Biblia inasema viumbe hao tayari wanatutazama sisi. Nao wanataka kuona jambo ambalo hawajawahi kulipitia, yaani namna neema inavyombadilisha mkosaji. Wao hawajawahi kuona kwao mtu akimwomba jirani yake msamaha, kwa kuwa kwao hakuna kosa. Hawajawahi kuona kwao fedha za dhuluma zikirudishwa. Wakitaka kuyaona hayo, wanatazama Ujiji, wanatazama Kasulu, wanatazama Uvira.

Ile meli ya vita tuliyoitaja jana ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916. Mwaka 1924 ikaibuliwa kutoka majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo ya watu wa ziwa hili. Chuma kilikuwa kile kile. Mungu hufanya na zaidi ya hapo kwa mwanadamu.

Tafakari: Juma hili, ni tendo gani moja la kusamehe, kurudisha au kukiri ambalo wanaokutazama kutoka mbinguni wangefurahi kuliona?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Novemba 1846, huko Topsham katika jimbo la Maine, Marekani, mzee Joseph Bates alikuwapo wakati Ellen White alipopata njozi iliyohusu mambo ya anga. Bates alikuwa nahodha wa zamani wa meli, mpenzi wa elimu ya nyota, na hadi siku ile alikuwa na mashaka juu ya njozi zake. Alipomsikia akieleza aliyoyaona, aliamini kwamba yanatoka kwa Mungu. Katika masimulizi ya waliokuwapo, idadi za miezi zilitajwa, na Bates akazitaja sayari kwa majina, Mshtarii na Zohali, kulingana na vitabu vya wakati wake. Ellen White katika maandishi yake anataja dunia yenye miezi saba, lakini haipi jina. Leo darubini zimeona zaidi ya miezi 90 inayoizunguka Mshtarii, na zaidi ya 200 inayoizunguka Zohali.

Wapinzani wa kanisa wamelitumia jambo hili, na wengine wetu wamehangaika. Kuna fundisho hapa kwa walimu wa Shule ya Sabato. Tukiifunga imani yetu kwenye takwimu za leo, kesho takwimu zikibadilika tutaonekana tumeshindwa, ingawa Neno lenyewe halikusema tulichokisema sisi. Vivyo hivyo na makadirio ya sayari milioni 300. Tusiyatumie kama uthibitisho wa dunia zisizoanguka, wala tusiyapinge kana kwamba yanamtisha Mungu. Yakipanda, Muumbaji ni yule yule. Yakishuka hadi tubaki na dunia hii peke yake inayoonekana, Mchungaji ni yule yule. Siku moja waliokombolewa watajua idadi kamili. Hata wakati huo, wenyeji wa dunia nyingine watakuwa na jambo la kutuuliza sisi: ilikuwaje kupotea, na ilikuwaje kubebwa mabegani?

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana wa darasa lako anauliza kama kuna viumbe sayari nyingine. Mgeuze jibu la juma hili kuwa sentensi tatu unazoweza kumwambia bila kumtisha na bila kuongeza lisiloandikwa.

2. Katika mambo saba ya Drake, ni yapi yanayoweza kujibiwa kwa darubini, na ni yapi yanayohitaji shahidi? Kwa nini jambo la nne lina uzito wa pekee kwa mtu anayeamini uumbaji?

3. Jadilini tofauti kati ya akili na utakatifu. Ni mifano gani ya mji wenu, ya zamani au ya sasa, inayoonyesha kwamba akili peke yake haimwokoi mtu?

4. Mtu akisema, "Mungu mwenye dunia nyingi hivyo hawezi kunijali mimi," utamjibuje kwa kutumia Luka 15?

5. Kama kanisa lenu ni tamasha mbele ya malaika, wanaona nini siku ya Sabato? Wanaona nini Jumatatu sokoni na Jumanne ziwani? Kubalianeni jambo moja ambalo darasa litalibadilisha kabla ya Sabato ijayo, na mtu mmoja aliyepotea ambaye mtakwenda kumtembelea.